Mradi wa balkoni: kabla ya gulio la miche, siku yenyewe, na wiki 6 baadaye

Siku 9 kabla

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu moja tu, nisipoandika nasahau nilipokosea. Mara ya mwisho nilienda kwenye gulio la miche la jumuiya nikanunua kwa macho, yaani kizuri nachukua, kibaya naacha, ndani ya mwezi mmoja nusu ya vitu vimekufa halafu nikaanza kulaumu udongo. Safari hii balkoni ni ile ile, mita 4 kwa 1 na nusu, ukuta mmoja mtupu unaonikera kila nikitoka, na hela ni zile zilizo kwenye bahasha, zikiisha zimeisha.

Leo sijanunua chochote, nimepima jua. Kila baada ya masaa 2 nikatoka na chaki nikachora jua lilipoishia sakafuni, mpaka jioni sakafu ikawa kama ramani ya nchi za ajabu. Jibu limenishangaza. Upande wa kulia unapata kama masaa 5 ya jua kali la mchana, katikati masaa 2 hivi, kona ya kushoto jua haligusi kabisa ingawa ina mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Na miaka yote hii nilikuwa naambia watu balkoni yangu "ina jua". Nimeandika kwenye daftari J, N na K, jua, nusu, kivuli.

Siku 3 kabla

Orodha imekamilika, vitu 10: nyanya 3, pilipili 2, mnanaa, rosemari, sanseveria, pothosi moja ya kuning'inia, na mlimau wa kubebeshwa (kikonyo chake kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine) kama bahati itakuwepo. Maboksi yapo, magazeti ya kuziba nafasi ili vyungu visigongane yapo, chenji ipo (ukitoa noti kubwa kwa watu wanaojitolea asubuhi asubuhi wanakuangalia kama umewatukana), selotepu ya karatasi na penseli. Penseli sio maka peni. Wino wa maka peni ukikaa juani miezi michache unapotea unabaki na lebo nyeupe, ila penseli kwenye kibao cha plastiki inadumu. Hili nilijifunza baada ya kukaa na vyungu sita visivyojulikana.

Siku ya gulio

Nimefika dakika 40 kabla ya kufungua nikidhani nimewahi, nikakuta foleni imeshakata kona. Mbele yangu kuna mtu kaja na wilbaro. Ushauri wa bure, kwenye foleni ya miche mtafute mtu mwenye wilbaro umfuate, huyo sio mara yake ya kwanza. Na kweli geti lilipofunguliwa umati wote ukakimbilia meza ya maua yaliyochanua, yeye akakata kushoto kimya kimya kwenda kule nyuma kwenye meza zinazoonekana kama za majani tu. Mimi na orodha yangu na ujanja wangu wote nikafuata... umati. Sijui nini kilinipata. Ukiona watu kumi wamenyoosha mikono kwenye kitu na wewe mkono unanyooka wenyewe, hata kama dakika moja iliyopita hukujua kama hicho kitu kipo duniani. Nikatoka pale na pelagonia 2 nyekundu zenye maua hadi yanamwagika, kroton moja na violeti ya Afrika. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha.

Kuhusu ile violeti acha nitoke nje ya mada kidogo. Jirani yangu mezani alikuwa anamwambia mwenzake hiki ni kiua cha Ulaya, cha madirishani kwa mabibi wa kizungu. Ikabidi niingilie. Asili yake ni milima ya Usambara kule Tanzania, mwaka 1892 afisa mmoja wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeupata huko na mbegu zikaenda Ujerumani, ndiyo maana ukaitwa Saintpaulia. Huko porini unaota kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha miti mikubwa, kwa hiyo ukiuweka juani unauua na ukiumwagia maji ya baridi juu ya majani unapata madoa. Yule dada akanisikiliza kwa adabu, akachukua viwili, na kumbe kilikuwa kimebaki kimoja tu cha zambarau nilichokuwa nakitolea macho. Ndio faida ya kuongea sana.

Halafu kisa cha boksi. Nimeweka boksi langu chini pembeni ya meza nichungulie kangaga, nusu dakika tu, nageuka nakuta watu wawili wanabishania mnanaa wangu na binti wa kujitolea anawatafutia bei. Nimelipia jamani! Ikabidi nitoe risiti. Kwenye gulio lililojaa boksi lisishuke mkononi, na likishuka liwe katikati ya miguu yako.

Baada ya hapo nikatulia, nikarudi nyuma kule alikokwenda mtu wa wilbaro. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima na meza ndogo, hana bango hana nini, miche mifupi mifupi ya kijani haina hata ua moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka kinachoota au kinachopendeza?"

Nikacheka, nikasema vyote. Akasema chagua kimoja leo, kingine kitakuja chenyewe. Akachukua mche wa nyanya, akaweka kiganja juu ya udongo shina likipita katikati ya vidole, akaupindua chungu juu chini, akagonga kitako, mche ukatoka mzima na udongo wake. Mizizi myeupe, imeenea pembeni lakini bado haijaanza kujizungusha. "Hii ndiyo unalipia," akasema, "juu ni mapambo." Kwenye meza ya kwanza sikugeuza chungu hata kimoja.

Kwenye nyanya akanikatalia zile nilizotaka. Mimi nilikuwa nimeangalia ndefu zenye maua tayari, nikijua nitawahi kuvuna, kumbe mche mdogo ukichanua ndani ya chungu kidogo mara nyingi ni dalili umebanwa, nguvu zinaenda kwenye maua wakati ungetakiwa uwe unatengeneza mizizi. Akanipa fupi nene zenye rangi ya kijani iliyokolea. Akasema kama ningekuwa nimeshanunua ndefu sio mwisho wa dunia, nyanya unaweza kuifukia shina mpaka karibu na majani ya juu nayo itatoa mizizi kwenye shina lililofukiwa, ila pilipili usiifanyie mchezo huo, ipande kina kile kile ilichokuwa nacho.

Halafu akaniuliza swali ambalo asubuhi nzima hakuna muuzaji aliyeniuliza. "Kwako jua linaingia saa ngapi?"

Nikatoa daftari! Sijawahi kujisikia mwanafunzi bora kama pale. Akaisoma ile ramani ya J, N, K, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akainama akachungulia boksi langu na sura ikabadilika. Akanyanyua pelagonia moja akaipapasa jani. "Hizi zimelelewa wapi?" Sijui. "Hukuuliza?" Sikuuliza. Akanionyesha jani lilivyo laini na jembamba, vikonyo virefu vinalegea, akasema hizi zimekulia ndani ya banda la plastiki, joto zuri, hakuna upepo, jua limechujwa. Ni mmea wa jua kweli lakini huu hapa haujawahi kuliona jua. Uzoeshe siku 7 mpaka 10, anza na muda wa saa moja au mawili tu asubuhi urudishe kivulini, kesho yake ongeza. Nikasema sawa mama. Nilisema sawa kwa mdomo (tutarudi hapa).

Tangu hapo kila meza nilikuwa nauliza swali moja, mche huu umelelewa wapi. Wengine wananishangaa, ila majibu yana faida kuliko lebo yoyote. Rosemari: nje, juani, tangu ikiwa kipandikizi, basi inaenda J moja kwa moja. Pothosi: imeota mizizi kwenye glasi ya maji jikoni kwa mtu kisha ikahamishiwa udongoni wiki iliyopita, basi isikauke kabisa siku za mwanzo. Mrehani: dirishani, na ule mrehani ukiangalia vizuri sio mmea mmoja, ni miche kama ishirini imesongamana kwenye chungu kimoja ili ionekane imejaa.

Kwa kijana wa sanseveria tulikaa muda. Ile wengine wanaita ulimi wa mama mkwe, aina yenye ukingo wa njano. Alikuwa na vichipukizi vidogo vingi vizuri na picha kubwa ya mmea mama una njano inang'aa, ila vichipukizi vyote ni kijani tupu. Nikamuuliza njano iko wapi. "Itakuja ikikua kaka." Nikamuuliza umezalisha kwa njia gani, akasema nimekata majani vipande nikachomeka kwenye mchanga. Hapo ndipo penye shida, haitakuja. Ule ukingo wa njano ni tabaka la seli zisizo na rangi ya kijani zinazoishi pamoja na zile za kawaida, na chipukizi linalotoka kwenye kipande cha jani huwa halibebi mpangilio huo, linatoka kijani. Ukitaka njano ibaki unagawa mmea kwenye shina la chini ya udongo. Hakuwa tapeli, alikuwa hajui kweli, na nilimwona anahuzunika maana alikuwa nazo kama arobaini. Nikamwambia kaka za kijani nazo watu wanapenda, bandika tu lebo sahihi. Akaomba nimsubiri, akauvuta ule mmea mama chini ya meza, akaazima kisu, akanikatia kipande chenye mizizi na majani matatu ya ukingo wa njano. Hicho ndicho nimenunua, na nadhani ndiyo manunuzi bora ya siku nzima.

Mlimau sikuchukua. Ulikuwepo mmoja, lakini pale kwenye kiungio, yaani kikonyo kilipobebeshwa juu ya shina la chini, palikuwa na ufa bado unaonekana na mkanda umekaza mpaka shina limebonyea, na chipukizi nono kuliko yote lilikuwa linatoka chini ya kiungio. Hilo sio limau unalolitaka, hilo ni shina la chini linajiotea lenyewe na ukiliacha linameza kila kitu. Muuzaji anawaonyesha watu lile lile chipukizi kama dalili ya afya. Nikapita.

Lebo ndio kilio cha siku. Nimeona "ua la pinki". Nimeona "zuri kwa ndani". Nimeona kibao kimeandikwa "lili" na nyuma yake kuna bibi ana paka wawili anataka kununua. Lili ipi? Kuna Lilium na kuna Hemerocallis, hizo paka akila hata kidogo figo zinaweza kufeli akafa, na kuna Spathiphyllum ambayo wala sio lili ya kweli, hiyo inamuwasha mdomo na kumtoa mate lakini haigusi figo. Neno moja, mmea tofauti kabisa. Ndio maana majina ya Kilatini ya maneno mawili yapo, Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliyapanga mwaka 1753 na mpaka leo hakuna kitu bora zaidi cha kuandika kwenye kijiti. Ile ilikuwa Spathiphyllum, tulikubaliana watu watatu baada ya kuangalia jani na ua, bibi akaiacha hata hivyo, nikaichukua mimi. Ya nane nje ya orodha ni hiki kitu kisicho na lebo kabisa nilichopewa karibu na kufunga kwa hela ya mwisho ya bahasha, majani kama yamekunjwa, shina lina rangi ya damu ya mzee, aliyeleta mwenyewe ameshaondoka.

Hesabu: 17. Kwenye orodha 9 kati ya 10, nje ya orodha 8. Bahasha tupu. Mgongo hoi.

Usiku huo huo

Hakuna kilichoenda balkoni. Vyote vimepangwa kwenye korido mbali na mimea yangu ya zamani, vikae wiki 2 mpaka 3 nivione. Nimepita mmoja mmoja na tochi ya simu chini ya majani na kwenye makwapa (pale jani linapoungana na shina), na kroton ile niliyoipigania ina vidudu vyeupe kama vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani matatu. Nimechovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya asilimia 70 nikavigusa kimoja kimoja, kroton imehamishiwa bafuni peke yake kama mfungwa.

Siku ya 2

Jua zuri. Nimeziangalia pelagonia pale korido zimepooza, nikajiambia mimea ya jua hii, itakuwa inateseka, saa moja tu nje. Nikaziweka J. Simu ikaita, nikaenda, nimerudi jioni.

Siku ya 5

Mabaka meupe kama karatasi kwenye majani ya pelagonia zote mbili, makubwa zaidi upande uliokuwa unaangalia jua. Jani likishaungua hivyo halirudi kijani, unasubiri majani mapya. Nimezirudisha K na sasa ndio naanza kuzizoesha, muda wa saa moja tu asubuhi, kama nilivyoambiwa na nilivyoitikia. Sina wa kumlaumu. Nilikuwa nimeiandika kabisa kwenye daftari siku ile, nimepigia mstari mara mbili.

Wiki ya 2

Kazi ya kuhamishia vyungu. Nyanya na pilipili safi, mizizi kama alivyonionyesha mama. Rosemari ndio imenishtua, juu ilikuwa kichaka kizuri, nimeivuta nakuta mizizi imejizungusha chini imekuwa kama kiota, na maji nilipokuwa namwagia yalikuwa yanapita pembeni yanatoka chini haraka nikadhani ni udongo mzuri usiotuamisha. Nimeipasua pembeni sehemu nne kwa kisu, nimekata lile duara la chini, nimepanda kwenye chungu kipana kuliko cha mwanzo kwa sentimita 4 hivi. Kuhamia chungu kikubwa mno moja kwa moja nako ni kosa, udongo usio na mizizi unabaki umelowa na mizizi inaoza. Mrehani nimeugawa mafungu manne, moja limenyauka siku mbili likaamka. Mnanaa una chungu chake peke yake na utabaki nacho, ukiuchanganya na wenzake unatambaa chini kwa chini baada ya muda wote ni mnanaa.

Wiki ya 3

Korido imefungwa, wote wameenda balkoni kasoro kroton. Vidudu vimerudi mara mbili, mayai yanaanguliwa kila ninapodhani nimemaliza, sasa naipaka kila Jumamosi. Kangaga niliyemchukua gulioni amekufa, hewa ya korido ilikuwa kavu na mimi nilisahau siku nne. Sitaki kuongelea.

Wiki ya 6

Hali halisi. Pelagonia moja imekufa, ya pili ina majani mapya magumu madogo tofauti kabisa na yale ya bandani, inakaa J masaa yote 5 bila shida, ua bado. Nyanya zimefika kiunoni, nimezifunga kwenye vijiti, maua yameanza wiki hii na safari hii nayafurahia kwa haki. Sanseveria haijafanya lolote, ndivyo ilivyo, ila imesimama. Violeti ipo K, naimwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani chini. Spathiphyllum imenyanyua ua moja na paka wa jirani ameinusa akaondoka, nimeipandisha juu ya rafu hata hivyo. Kroton bado mfungwa.

Pothosi imekuwa ndefu mpaka nimeikata, vipande 6 kwenye glasi, ndani ya wiki 2 vyote vina mizizi ya urefu wa kidole. Vitatu naviweka kwenye vyungu vidogo kwa ajili ya gulio lijalo, nitavipeleka mwenyewe. Lebo nimeshaandika, kwa penseli: Epipremnum aureum. Umeota kwenye maji, umelelewa kivulini, hewa ya ndani. Haujawahi kuona jua la mchana. Paka asile.

Kile kisicho na lebo kimetoa majani mawili mapya na shina limezidi kuwa jekundu. Nimewaonyesha picha watu watano, nimepata majina matano.